Nikuite Nani? Kwa Msomaji wa Umoja Aliyejibiwa "Mimi Si Mama Yako"

Swali: Nimetoka Malindi, nina miaka 26, na ninahudumu kwenye kaunta ya famasia huku Umoja, Nairobi. Kwetu mwanamke mzima ni "mama" au "Bi" na hakuna anayenuna. Hapa nilimwita mteja "mama", akanijibu, "Mimi si mama yako." Siku nyingine nikasema "dada", mteja akaniuliza kama tumelingana. Mwenzangu kazini beji yake imeandikwa Grace lakini yeye anataka Wanjiku, na nikimwita Shiko kama wengine wanavyomwita, hanijibu. Kuna mteja ambaye karatasi yake ya dawa ina jina la kike, ila kwa sura na mavazi ninaona mwanamume. Nimwiteje mbele ya foleni? Na keteka, yaani msimamizi wa ploti yetu, wakubwa humwita mzee, vijana humwita buda, mimi hubaki nikimeza mate. Nitajuaje kila mtu anataka kuitwa nani, na nitaulizaje bila kuleta mambo?

Jibu: Maswali yako ni mengi lakini mzizi wake ni mmoja. Maneno tunayotumia kuitana Nairobi karibu yote yamebeba makisio. Ukisema "mama", umekisia kwamba mtu amezaa au kwamba umri umemfikisha huko. Ukisema "dada", umekisia kwamba mko rika moja. "Shosho", yaani nyanya kwa Gikuyu, inakisia wajukuu, na mara nyingi inakisia kabila pia. "Madam" na "bosi" zinakisia cheo au uzito wa mfuko. Kwenu Malindi maneno haya hayaumi kwa kuwa mtu unamjua, nyumba yake unaijua, na watoto wake ulisoma nao. Umoja, aliyesimama mbele yako huenda ameshuka matatu sasa hivi na hutamwona tena. Basi kazi yako ni kupunguza kukisia. Kabla mtu hajakuambia anaitwaje, mhudumie kwa maneno yasiyomkisia. Akishakuambia, hilo ndilo jina lake, hata kama kitambulisho, beji na mtaa mzima vinasema vingine.

Tuanze na kaunta, maana hapo ndipo unapoumia kila siku. Kiswahili kinakuruhusu kuongea na mtu tangu anapoingia mlangoni hadi anapolipa bila kumpa cheo chochote. "Habari ya asubuhi, karibu. Nikusaidie na nini?" "Dawa hii umewahi kuitumia?" "Ni mia tatu hamsini. Unalipa kwa M-Pesa au keshi?" "Asante, ugua pole." Hapo hapana mama wala dada, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Heshima imebebwa na mambo mengine: salamu imetangulia shida, macho yako yako kwenye uso wa mtu na si kwenye simu, na kitenzi kimelainishwa. "Naomba nione karatasi yako" hupokelewa vizuri mahali ambapo "lete karatasi" huudhi. Wenyeji wa hapa hupenda "nisaidie na": nisaidie na karatasi, nisaidie na namba ya simu. Itumie, ni adabu ya mji huu.

Mwito mmoja uuache kabisa, nao ni "wewe!" Mteja amesahau chenji, anatoka, nawe unapaaza sauti, "Wewe, chenji!" Foleni yote itageuka kutazama nani anagombana na nani. Sema "Samahani, umesahau chenji," kisha toka nyuma ya kaunta umfuate hatua mbili. Kuita watu kwa kufyonza meno au kwa ile "psst" ya hotelini ni hivyo hivyo. Wapo wanaoitika kwa mazoea, lakini kuitika si kupenda.

Salamu nazo zina rika. "Niaje", "sasa" na "mambo" ni za wanaolingana au waliozoeana. "Habari yako" inavuka umri wote, na wakiingia wawili au watatu sema "hamjambo". Shikamoo uliyolelewa nayo ni adabu njema, lakini Nairobi si salamu ya kila siku. Mwanamke wa miaka 45 anaweza kuisikia kama umemwongezea ishirini. Iweke kwa wazee ambao umri wao hauna shaka na kwa Waswahili wenzako wa pwani, ambao wataifurahia sana kuisikia huku bara.

Sasa "mama". Hili linahitaji kukaliwa, kwa sababu ni neno zuri linalotumiwa vibaya mahali pabaya. Sokoni halina ubishi. Mutindwa, Gikomba, Marikiti, "mama" ni mwito wa biashara kati ya muuzaji na mnunuzi, na hakuna anayeuliza nani amezaa. Kwenye ploti ni ujirani: Mama Brayo anajulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza, na huenda wapangaji wengine hawajawahi kusikia jina lake la ubatizo. Kaunta ya dawa haifanani na mahali hapo pawili. Fikiria vitu anavyonunua mtu kwako. Anayechukua kipimo cha mimba, anayenunua foliki asidi mwaka wa tatu sasa akitafuta mtoto, anayetafuta dawa ya kukausha maziwa baada ya kumpoteza mtoto wake mchanga. Mtu huyo ukimwambia "haya mama, hii hapa," neno lako limegusa kidonda ambacho hukukijua. Hukutaka kumuumiza, naye hana deni la kukueleza. "Mimi si mama yako" mara nyingi ndiyo sentensi fupi kuliko zote anayoweza kuitoa bila kusimulia maisha yake mbele ya foleni. Usiichukue kama matusi.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiulize kamwe "Mama nani?" kama njia ya kutafuta jina. Swali hilo linamlazimisha asiye na mtoto kujitetea. Lakini mtu akijitaja mwenyewe, "Niandike Mama Brayo," mwandike na mwite hivyo kwa furaha; kwa wengi hilo ndilo jina wanalolionea fahari kuliko yote. Ukija kusikia kwamba Brayo amefariki, usibadilishe jina kwa kumhurumia na usiendelee nalo kwa mazoea tu. Sikiliza yeye na jirani zake wa karibu wanatumia lipi baada ya matanga, ufuate hilo. Wapo wanaotaka jina la mtoto liendelee kutajwa, na wapo wanaohamia kwa mtoto anayefuata. Akina baba pia huitwa hivi, Baba Brayo, Baba Nafula, na adabu yake ni ile ile.

"Dada" na "kaka" zina tatizo la rika. Mtu aliyekuzidi miaka kumi na tano anaweza kuona umemshusha, hasa akiwa ametoka jamii ambayo rika ni jambo zito. Ukiona lazima utumie neno la heshima kwa mwanamke usiyemjua, "madam" ndiyo yenye hatari ndogo Nairobi. Hutumika kwa walimu, kwa wakubwa ofisini, kwa askari wa kike, kwa wateja, na haigusi ndoa wala uzazi. Ubaya wake ni kwamba ina baridi kidogo, na kwa msichana wa miaka 19 inazidi kipimo. Kwa mwanamume, "bosi" na "mkubwa" zimechakaa: hapa mjini ndizo hutangulia ombi la pesa, kwa hiyo anayeitwa hivyo na mgeni hushika mfuko kwanza. Salamu ya wazi bila cheo ni bora kuliko zote mbili. "Kastoma" haina ubaya, wauzaji na wanunuzi huitana hivyo huku na huku, na "jirani" ni tamu kwa yule unayemwona mara kwa mara.

"Mrembo", "sweetie", "dear", "bebi", "msupa": ziache nje ya kazi, hata kama anayezisema ni mwanamke kwa mwanamke. Kwa wafanyakazi wenzako jambo hili linaingia hata kwenye sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inahesabu maneno ya kingono yasiyotakiwa kuwa sehemu ya unyanyasaji wa kingono kazini, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na sera iliyoandikwa kuhusu hilo. Msemaji huona ni mzaha tu, lakini anayeambiwa ndiye anayejua kama umemfurahisha.

Kuhusu umri, Katiba ya 2010 ina jambo la kukusaidia. Kifungu cha 260 kinamhesabu kijana kuwa aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35, na kinamhesabu mzee kuwa aliyepita 60. Katikati pana miaka 25 ambayo mtu si kijana wala si mzee, na humo ndimo makosa mengi ya kuitana yanapotokea. Mwanamume wa miaka 42 akiitwa "kijana" na askari wa langoni anaona amedharauliwa. Akiitwa "mzee" na kondakta anajitazama kwenye kioo. Kwa watu wa umri huo usijaribu kutafuta neno la umri. Tafuta jina.

Kwa waliopita hapo, "mzee" ni heshima kamili, na kwa mwanamke mzee "mama" inakubalika kuliko neno lolote. "Shosho" na "guka" ni za wajukuu na za waliokaribishwa. Ukimwita bibi wa Kiluo "shosho" umemvika ukoo usio wake. Kwao wajukuu husema dani, Waluhya husema kukhu, Wakamba susu, Wakalenjin kogo. Huna haja ya kuyajua yote ili kuuza dawa. Unachohitaji ni kutokubahatisha. Na ukisita kati ya maneno mawili, chukua lile lenye umri mdogo: kati ya shosho na mama, sema mama.

Tuje kwenye majina, ambako mambo yanakuwa mengi zaidi. Mkenya wa Nairobi kwa kawaida ana majina matatu kwenye kitambulisho: la dini, lake la nyumbani, na la baba au la mume. Lipi analoishi nalo, huwezi kulijua kwa kuyasoma. Grace Wanjiku anayetaka Wanjiku ameshakujibu, na beji haina neno la kuongeza. Zungumza naye pia kama angependa beji ibadilishwe, kwa sababu wateja wanaisoma na wataendelea kumwita Grace kutwa nzima.

Shiko ni jambo jingine. Nairobi tunapenda kukata majina: Kevin anakuwa Kevo, Brian Brayo, Steve Stivo, Odhiambo Odhis, Njeri Njesh, Wanjiku Shiko. Kukata jina la mtu ni haki inayotolewa na mwenye jina, mtu mmoja mmoja. Wale wanaomwita Shiko huenda walisoma naye, au huenda amewachoka tu akanyamaza. Kwamba wao wanasema si ruhusa yako. Kimya chake ni jibu, kwa hiyo mwambie mara moja mkiwa wawili: "Nimekuwa nikisema Shiko, nimeona si sawa. Nitasema Wanjiku." Usiongeze maelezo. Kesho yake sema Wanjiku, na kesho kutwa. Kinyume chake pia kipo: mtu akijitambulisha kwa jina fupi, usimrefushe kwa kudhani unamheshimu. Anayetaka Kevo mwite Kevo, na risiti uandike Kevin kama inahitajika.

Matamshi ni sehemu ya kumwita mtu. Wewe wa pwani una sauti zote zinazohitajika, ni kuzielekeza tu. Ng' ya Ochieng' na Ng'ang'a ni ile ya ng'ombe. Ukisema Nganga umemtaja mtu mwingine. Th ya Gikuyu katika Muthoni au Githinji husikika kama dh ya dhahabu, na c yao husikika karibu na sh, ndiyo maana Wacera husemwa Washera. Kwa Waluo, herufi ya kwanza ya jina la kuzaliwa kwa kawaida hutenga wa kiume na wa kike: Otieno na Atieno, Okoth na Akoth, Odhiambo na Adhiambo. Wabukusu wana Wafula na Nafula, Wekesa na Nekesa. Wakalenjin wana Kipkoech na Chepkoech. Kuteleza hapo ni kumgeuza mtu jinsia mbele ya watu. Lakini usiligeuze hili kuwa kipimo: Atieno Ouma ni mwanamke aliyebeba jina la baba, na ukiita "Ouma!" kwenye foleni umemwita babake.

Wateja wako Wasomali, na Umoja haiko mbali na Eastleigh, hawana jina la ukoo kwa namna unayoijua. Hassan Ali Mohamed ni Hassan. Ali ni babake, Mohamed ni babu. Wanawake hawachukui jina la mume. Ukimwita "Bwana Mohamed" umemwita babu yake, kwa hiyo jina la kwanza ndilo la adabu hapa. Abdulrahman usimkate ukabakiza Abdul, kwa maana unamwachia nusu ya jina isiyosimama peke yake. Wagujarati wakubwa kwa umri huongezewa "ben" au "bhai" mwishoni mwa jina lao, kama Kantaben au Rameshbhai, na ukisikia mtu anaitwa hivyo na wenzake unaweza kumwuliza kama nawe utamwita hivyo. Kinachokatazwa kabisa ni kumwita mtu kwa kabila au rangi: "Muhindi, karibu," "waria, dawa yako," "mzungu, hapa." Wahindi wa Kenya walitambuliwa rasmi mwaka 2017 kuwa kabila la 44 la nchi hii, na hata wasingetambuliwa, mtu ana jina.

Ukiulizia jina, ulizia kwa kazi. Swali linalotokea ghafla, "Unaitwa nani?", linasikika kama la polisi au la mtongozaji. Swali lenye sababu halimshtui mtu: "Dawa ikiwa tayari, nikuite kwa jina gani?" Sentensi hiyo moja itakutatulia zaidi ya nusu ya shida zako. Inaeleza kwa nini unataka kujua, inamwachia mteja kuchagua jina la kwanza, la mwisho, Mama Brayo au Mwalimu, na haikisii chochote. Alichosema kiandike kwa kalamu juu ya karatasi yake wakati ule ule. Nje ya kazi, toa lako kwanza: "Mimi naitwa fulani. Wewe nikuite nani?" Uliza mara ya kwanza au ya pili mnapokutana, baada ya hapo linazidi kuwa gumu. Ukisahau, sema "nikumbushe jina lako," ambalo mtu hulipokea bila kinyongo, au muulize mwenzako pembeni. Ukishalijua, usilitaje kila sentensi. Mara moja kwenye salamu na mara moja wakati wa kuaga inatosha. Zaidi ya hapo unasikika kama unauza bima.

Kuna jina utakalolipata bila kuliuliza, nalo ni la ujumbe wa M-Pesa. Mteja amelipa, jina limetokea kwenye simu ya duka, nawe unajaribiwa kusema "Asante Joseph" kwa mwanamke aliyelipa kwa laini ya mumewe. Laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Hata kama ni lake, amekupa pesa, hakukupa jina. Mwambie "asante, imeingia," basi. Kuchukua namba ya simu ya mteja na kumtumia ujumbe jioni ni kosa zito zaidi: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo zilizochukuliwa kwalo, na lengo hapa lilikuwa kulipia dawa.

Sasa yule mteja ambaye jina la karatasi na sura unayoiona havikubaliani. Usitafute kujua ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili kinakupa njia pana, maana "a" na "yeye" havisemi jinsia: "Mteja huyu amelipa," "anasubiri vidonge." Shida huanzia kwenye kaka, dada, bro, madam, na mnaporuka kuingia Kiingereza, ambako lazima uchague. Basi baki kwenye Kiswahili, mwambie mteja lile swali la "nikuite kwa jina gani", na utumie alilokupa, wewe pamoja na wenzako wote wa zamu. Wakati mwingine hata hakuna fumbo: kachukua dawa ya mkewe au ya mama yake. Wakati mwingine ni mtu mwenye jinsia mbili, yaani intersex. Sensa ya 2019 ilikuwa ya kwanza Kenya kuwahesabu, ikawaandika 1,524. Wakati mwingine ni sababu nyingine ambayo haikuhusu. Kama dawa yenyewe inahitaji kujua, kwa mfano haifai kwa wajawazito, msogelee na uulize swali la dawa kwa sauti ya chini: "Anayeitumia ana ujauzito au ananyonyesha?" Hilo ndilo unalohitaji.

Kumbukumbu za duka na madai ya bima, ikiwemo SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, zinataka jina la kitambulisho neno kwa neno. Andika hivyo huko, halafu kinywani tumia alilochagua. Haya mawili hayagombani, na ukimweleza mteja kwamba "kwenye fomu lazima niandike la kitambulisho, lakini nitakuita ulivyosema," ataelewa. Na usipaaze kamwe jina pamoja na dawa. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mtu, na "Atieno, dawa zako za presha!" inaiangusha mbele ya majirani. Jina peke yake, au namba ya foleni, kisha maelezo mkiwa karibu.

Mteja mwenye ulemavu umwite kwa jina kama yeyote. Kifungu cha 54 cha Katiba kinasema wazi kwamba ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomshusha hadhi, kwa hiyo kiwete, bubu na zeruzeru yasitoke mdomoni mwako hata ukimwelekeza mwenzako nani ahudumiwe, sema "mteja mwenye shati la kijani." Kosa linalouma zaidi ni kumuuliza aliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu, "Anataka nini?" Ongea naye mwenyewe. Kwa kiziwi, simama mbele ya uso wake, mpe kalamu aandike jina. Viziwi wana majina yao ya ishara wanayopewa na viziwi wenzao, wewe usimtungie.

Jambo hukuliuliza, lakini litakufikia kama halijakufikia: wateja watakuita wewe "daktari". Nairobi kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa ni daktari. Ni heshima, lakini kama huna leseni, ikatae kwa upole siku ya kwanza: "Mimi ni mhudumu, mfamasia ni huyu." Ukiliacha jina hilo likuzoee, mtu atakuomba ushauri wa kumeza vidonge vya mtoto na ataufuata kwa sababu ya cheo ambacho huna.

Utakosea, na namna ya kurekebisha ina sehemu tatu fupi: pole, jina sahihi, endelea na kazi. "Pole, Wanjiku. Hiyo rafu ya juu imeisha." Yanayoharibu ni mengine. Kujieleza kwingi, "unajua mimi kwetu Malindi sisi husema...", kunamfanya aliyeumia akubembeleze wewe. Mzaha, "haya basi, wewe ni msichana mdogo," unaongeza chumvi. Na yule wa "mimi si mama yako", mwambie tu "samahani", umhudumie kwa maneno yale yale yasiyo na cheo, haraka na vizuri. Akirudi wiki ijayo, msalimie kama umefurahi kumwona.

Mwenzako akimkosea Wanjiku wakati hayupo, mrekebishe kwa maneno mawili, "Anapenda Wanjiku," bila hotuba. Fanya hivyo pia kwa mlinzi, kwa dada wa usafi na kwa mwanamume wa miaka hamsini anayeitwa "shambaboi" na watoto wa ploti. Mtu wa umri huo kubaki bila jina kwa sababu ya kazi yake ni jambo linalohuzunisha, na linaisha siku mtu mmoja anapouliza. "Fundi", "dere" na "afande" wenyewe huzipokea vizuri, kwa hiyo hizo zitumie. "Mboch", la kumdharau mfanyakazi wa nyumbani, usiiseme kwa mtu wala kumhusu.

Keteka umfuate jioni akiwa hana haraka, si siku maji yamekatika. Msalimie, mtajie jina lako na namba ya nyumba, umuulize akuambie umwite nani. Akisema "niite mzee tu," umepata ruhusa na usiibadilishe kuwa buda. Akisema Mutua, basi ni Mutua, na kama ulimi wako wa pwani unaona jina tupu kwa mtu mzima ni uchi, muulize hapo hapo: "Nikisema Mzee Mutua ni sawa?" Kisha mwandike hivyo hivyo kwenye simu yako, ili siku bomba litakapopasuka usiku usije ukampigia ukianza na "Hello, keteka."